Sufuria za Damaris Siku ya Sabato

Huku kwetu Manga mtu akipika, majirani wanajua. Moshi unatoka kwenye paa, unapanda kilima polepole, na kila mwenye macho anauona. Mke wangu Damaris anajua hilo vizuri, maana alizaliwa upande ule wa kilima akaolewa upande huu, na pande zote mbili zina macho.

Sisi ni Wasabato. Kwa asiyejua desturi yetu, Ijumaa jua likizama moto wa kupikia unazimwa, na hauwashwi tena mpaka Jumamosi jua lizame. Chakula cha Sabato kinapikwa Ijumaa mchana, kinafunikwa, na kesho yake kinaliwa kikiwa baridi. Damaris ameishi hivyo tangu akiwa msichana. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo lililokuja kutiliwa shaka, na likakaribia kumtoa kanisani.

Alikuwa mpishi katika hoteli moja ndogo ya Mosocho. Mwenye hoteli alipofunga na kuhamia kwingine, Damaris alirudi nyumbani, akawa anachuma majani chai nami na kunung'unika kwamba mikono yake imesahau mwiko. Ndipo binti yetu Ashley, ambaye anasoma chuo huko Nakuru, alipomletea simu yake ya zamani.

"Mama, andika unavyopika. Upige na picha. Tutakufungulia blogu."

"Blogu ni nini?"

"Ni kama ubao wa matangazo pale sokoni, lakini dunia nzima inapita hapo."

"Na wezi pia wanapita?" niliuliza mimi.

"Hata wezi, baba. Wezi nao wanakula."

Jibu hilo halikunituliza. Niliona vibaya mtu nisiyemjua aingie jikoni kwangu bila kubisha hodi. Kwa hiyo kila Damaris alipopiga picha, niliikagua kabla haijatoka. Nikiona kufuli la mlango, nilimwambia apige upya. Nikiona ng'ombe, apige upya. Mwishowe picha zake zote zikawa na vitu viwili tu, yaani sufuria na ukuta wa jikoni wenye masizi. Ashley alisema watu wa mbali wanaupenda sana ukuta huo. Sikuelewa ni mtu wa aina gani anayependa masizi, na nikazidi kuwaogopa.

Blogu aliiita Jikoni Manga. Mwanzoni haikusomwa na mtu. Alikuwa anaandika juu ya keki na vyakula vingine alivyovisoma kwa wengine, na wasomaji walikuwa Ashley na rafiki zake, tena nadhani Ashley aliwalazimisha. Siku moja Damaris alikasirika, akaandika juu ya chinsaga, mboga yetu chungu ya majani. Alieleza jinsi inavyochemshwa muda mrefu mpaka uchungu upungue, kisha inatiwa maziwa, inachemshwa tena, inalala, na kesho yake inakuwa tamu kuliko leo. Akaandika pia jinsi yeye mwenyewe, akiwa bibi harusi mpya, alivyoiunguza mbele ya mama mkwe na kudai ni mapishi ya kwao.

Watu wakaanza kuja. Wakisii wa Nairobi, wa Mombasa, wa Uarabuni, wa Marekani. Mmoja aliandika kwamba amesoma akiwa ndani ya basi kwenye theluji na akalia. Mwingine aliuliza jiko letu liko upande gani wa kilima.

"Huyu anataka nini?" nilimuuliza Damaris. "Kwa nini aulize upande?"

"Baba Ashley, ni mtu wa hapa. Amekumbuka kwao."

"Akikumbuka kwao aende kwao."

Lakini Damaris alimjibu. Alimjibu kila mtu, hata aliyemtukana kwa ajili ya chumvi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, wala si picha. Alipima kwa vitu ambavyo watu wanavyo, kikombe cha chai, kopo la gorogoro la kupimia unga, kiganja cha mkono. Kabla ya kutoa andiko alinisomea kwa sauti, kwa kuwa mimi nilikomea darasa la nane na sijawahi kupika zaidi ya chai. Nikikwama mahali, aliandika upya hapo. Picha alipiga mlangoni mwa jiko asubuhi, kwa mwanga wa jua, maana taa ya simu inafanya mboga ionekane kama imekufa.

Baada ya miezi kadhaa aligundua kwamba watu wengi wanafungua blogu Jumamosi asubuhi. Hawaendi kazini siku hiyo. Wanaamka wakiwa na njaa na muda. Akampigia Ashley simu.

"Jumamosi mimi niko kanisani, na simu imezimwa."

"Si lazima uwepo, mama. Andika Alhamisi, uiambie saa ya kutoka. Jumamosi saa tatu itatoka yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Hata simu yako ikiwa imezimwa. Andiko lako halikai kwenye simu, liko kwenye mtandao."

Ashley alimfundisha, na tangu hapo, kila Sabato saa tatu asubuhi, wakati Damaris amefunga mikono akisikiliza somo, chinsaga yake au ndizi zake zilikuwa zinatoka mbele ya watu zikifuka mvuke. Wasomaji wakaongezeka sana. Kule Kisii mjini, Kaltuma, ambaye ana duka la unga na viungo pamoja na mumewe Abdirashid, alianza kuona wateja wageni wakiuliza unga wa wimbi wa yule mama wa Manga. Aliwauzia, kisha akamtafuta Damaris mpaka akampata.

"Mama Ashley, watu wanakuja na picha ya sufuria yako kwenye simu," alimwambia. "Mimi nawapimia unga, wao wananionyesha sufuria!" Akataka tangazo la duka lake liwekwe kwenye blogu, na wakakubaliana.

Mimi nilimwangalia Kaltuma vizuri siku hiyo. Alicheka sana. Mtu akicheka sana na mke wangu najiuliza kwa nini. Lakini kumbe wa kuogopa hakuwa mjini. Alikuwa amekaa kiti cha mbele yetu kanisani.

Mama Abigael ni kiongozi wa kina mama wa kanisa letu. Ni mjane, mrefu, na akikusalimia unajikagua kama umevaa viatu sawasawa. Sabato moja baada ya ibada alimpa Damaris vidole viwili tu vya mkono.

"Chinsaga yako ya leo ilikuwa na mvuke mzuri," alisema.

"Chinsaga gani ya leo, mama?"

"Ile ya saa tatu. Mwanangu wa Nairobi alinionyesha."

Damaris alianza kueleza habari ya kuandika Alhamisi, lakini Mama Abigael alikuwa ameshageuka kusalimia mwingine, na huyo alipewa mkono mzima.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Ilisemwa kwamba Damaris anapika Sabato asubuhi nikishaondoka kwenda kufungua kanisa, maana mimi ni shemasi na funguo za kanisa ziko kwangu. Ilisemwa kwamba anaoga kwa sabuni ya harufu kali ili kuua moshi. Mama mmoja alikuja Jumamosi jioni kuazima kiberiti, na wakati namtafutia alikuwa ameinama mbele ya mafiga akitazama majivu. Mwingine nilimkuta nyuma ya jiko ameweka kiganja ukutani. Aliniambia amechoka, anapumzika.

Nasi tukaanza kushuku kila mtu. Damaris akisikia mbwa anabweka, anatoka kutazama. Wakipita watu wawili wakinong'ona, tunaamini ni sisi. Nakiri kwamba hata mimi kuna Sabato moja nilikaribia kurudi nyumbani katikati ya ibada nihakikishe. Sikurudi, lakini mahubiri ya siku hiyo siyakumbuki.

Makambi yalikuwa yanakaribia, ile mikutano ya wiki nzima ambapo waumini wanakaa pamoja na kula pamoja, na kwa miaka mingi Damaris ndiye alikuwa mkuu wa jiko. Badala ya kumwita kupanga vyakula, wakamwita mbele ya baraza la kanisa.

Mzee wa kanisa, Nyakundi, ndiye aliyeongoza. Ni mwalimu mstaafu, na hapendi kukatizwa. Aliinua simu yake juu ili wote waone.

"Ndizi na maharagwe. Zinafuka moshi. Tarehe, Jumamosi. Saa, tatu na dakika zake. Dada Damaris, hii ni sufuria ya nani?"

"Yangu, mzee. Nilipika Alhamisi."

"Na moshi huu ni wa Alhamisi?"

"Ni wa Alhamisi."

"Moshi wa Alhamisi unaweza kuonekana Jumamosi?"

Watu wakacheka. Damaris akasema jambo ambalo mimi, kama ningekuwa na ujasiri wa kumvuta nguo, ningemzuia lisimtoke.

"Mzee, wewe uliona saa ngapi?"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hapo ndipo alipoharibu. Nyakundi aliishusha simu taratibu. Uso wake ulibadilika. Alisema hakuja pale kuhojiwa, kwamba mwenye dhambi akishikwa anatafuta wenzake, na kwamba kama dada hataki kujieleza kwa unyenyekevu, baraza litapendekeza aondolewe ushirika. Waliokuwa wanacheka wakainama. Kila mmoja alikuwa anajiuliza nani alimwona akishika simu Sabato.

Nilinyoosha mkono kusema kwamba mimi ni mumewe na sijawahi kuona moto ukiwaka. Niliambiwa mume ataendelea kuketi.

Sharti mjue kuondolewa ushirika ni nini kwa mtu kama Damaris. Si kukosa kiti tu. Alibatizwa mtoni hapo chini, na wazazi wake walizikwa na kanisa hilo. Zaidi ya hayo yeye ni mpishi. Mpishi aliyekataliwa na kanisa lake, nani wa kilima hiki atakula chakula chake? Atapikia harusi gani? Atamlisha nani kwenye msiba? Wageni wa mtandaoni wangebaki, lakini hao hawajawahi kuonja hata kijiko.

Alisimama.

"Nipeni mtu aje akae nyumbani kwangu Ijumaa mpaka Jumamosi jioni. Achukue simu yangu. Alale nayo. Kisha aje aseme hapa."

Wakamchagua Mama Abigael. Nadhani alikuwa amekwisha kujichagua.

Ijumaa alikuja mchana na mfuko wake. Ndani alikuwa na kikombe chake mwenyewe, mkate wake mwenyewe na maji yake ndani ya chupa. Alikaa kwenye kigoda katikati ya jiko na kutazama. Damaris alipika chinsaga, akasonga ugali wa wimbi na kuufunika ndani ya kikapu, akachemsha ndizi. Kila kifuniko kilipofunguliwa, Mama Abigael alinyoosha shingo.

"Ukimaliza unafanya nini na moto?"

"Nauzima."

"Nitauzima mimi."

Jua lilipokaribia kuzama aliumwagia maji mpaka jiko likajaa mvuke na majivu, akageuza kila kipande cha ukuni kuhakikisha. Kisha akanyoosha mkono. Damaris akampa simu. Akaizima, akaifunga ndani ya kitambaa, kitambaa akakitia mfukoni, na mfuko akaukalia. Tuliimba, tukasali kuifungua Sabato. Katika sala yake Mama Abigael aliomba kila lililofichwa lifunuliwe. Tukasema amina. Damaris alisema kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Kesho yake alikula mkate wake. Alitembea na Damaris mpaka kanisani bega kwa bega, kama askari na mfungwa wake, na mfuko haukutoka begani mwake hata wakati wa kusimama kuimba. Saa tatu ilifika. Nilimwona Damaris akiitazama saa ya ukutani, na nilimwona Mama Abigael akimtazama Damaris.

Mchana mkate ulikuwa umekwisha. Sisi tulikuwa tunakula. Alivumilia kidogo, kisha akavuta sahani.

"Ni baridi kweli," alisema baada ya tonge la kwanza, kama mtu aliyetaka kukuta jingine.

"Ni ya jana, mama."

"Nimeona ikipikwa. Sikukuuliza." Lakini aliongeza tena, na mara ya pili.

Jua likazama, tukaifunga Sabato kwa wimbo. Mama Abigael akaitoa simu, akaikagua pande zote, akaiwasha mwenyewe na kuiweka mezani. Ilikaa kimya kidogo, kisha ikaanza kulia mfululizo kama kifaranga aliyepotewa na mama yake. Damaris hakuigusa. Alimwonyesha tu kwa kidole pa kubonyeza. Andiko lilikuwa limetoka saa tatu asubuhi. Chini yake watu walikuwa wameandika tangu saa hizo, wengine wakisifu, mmoja akiuliza kama ndizi mbivu zinafaa.

Mama Abigael alirudisha mkono wake kama ameguswa na moto.

"Nani ameandika?"

"Mimi. Alhamisi."

"Na nani ametuma?"

"Mtandao umetuma wenyewe, mama."

"Mtandao ni nani?"

Swali hilo nami nilikuwa nalo siku zote.

"Afadhali ungekuwa unapika," Mama Abigael alisema akikusanya vitu vyake. "Kupika ninakujua."

Jumapili baraza lilikaa. Alisimama akatoa taarifa yake bila kuongeza wala kupunguza. Moto aliuzima yeye. Simu aliilalia yeye. Chakula kilikuwa cha Ijumaa, na alikila. Picha ilitoka hivyo hivyo. Tulidhani yamekwisha, lakini Nyakundi alikuwa amejiandaa.

"Amri inasema usifanye kazi wewe, wala mtumishi wako, wala mnyama wako. Dada ametulia kanisani, sawa. Lakini hiyo mashine iliyoko huko mbali inamfanyia kazi. Je, si mtumishi wake?"

Lilikuwa neno zito. Damaris alikuwa amekunja vidole vyake kwenye pindo la leso.

"Mzee Nyakundi," Mama Abigael alisema bila kusimama, "kuku wako wanataga Sabato?"

"Kuku ni kuku."

"Wanataga au hawatagi?"

"Wanataga."

"Na mayai unayala, au unawarudishia?"

Hata Nyakundi alitabasamu, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Baraza likajadiliana mpaka likachoka. Mwishowe wakaamua. Hataondolewa ushirika. Jiko la makambi litabaki kwake. Lakini juu ya kila andiko linalotoka Jumamosi lazima aweke maneno haya: Chakula hiki hakikupikwa siku ya Sabato.

Damaris alilia njiani. "Sikuiba," alisema, "na bado nimevalishwa kibao kifuani kwamba sikuiba."

Nilimbebea mkoba.

Aliandika maneno hayo, kwa hasira, kwa herufi kubwa. Wasomaji wakauliza. Kwa nini? Kilipikwa lini basi? Je, chakula cha jana hakiharibiki? Kaltuma alimpigia simu akicheka. "Dada, umewashtua watu! Sasa waambie ukweli." Damaris akawaambia. Alieleza siku ya maandalio, yaani Ijumaa, na vyakula gani vinapenda kulala na vipi havipendi, na jinsi ya kuvifunika bila barafu wala umeme. Kumbe mjini kuna watu chungu nzima wanaopika mara moja wale siku tatu, wala si Wasabato. Hao walikuja kwa wingi kuliko waliotangulia. Wengi wanamjua leo kwa mstari ule ule uliomliza. Mimi bado nakagua picha.

Mama Abigael naye hajaacha. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama anapita kwetu, eti kusalimia. Anatazama mafiga, anagusa sufuria kwa nyuma ya kidole, anauliza simu iko wapi. Damaris alizoea, siku hizi anamfunulia vifuniko kabla hajaomba.

Ijumaa iliyopita alikuja na bakuli lake la plastiki lenye kifuniko. Alikagua jiko kama kawaida, hakukuta kosa, akabaki amesimama mlangoni.

"Nikupakulie ya kesho, mama?" Damaris aliuliza.

"Pakua. Lakini onja kwanza nikuone."

Damaris alichota chinsaga kwa kijiko, akatia mdomoni, akatafuna. Mama Abigael alimtazama koo mpaka akameza. Kisha akanyoosha bakuli.